Mita moja, vyumba sita

Kwenye korido ya nyumba ninayopanga, pembeni kidogo ya mita ya LUKU, pamebandikwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa maka peni nyeusi: PASI JUMATANO NA JUMAMOSI TU. HITA MARUFUKU. JIKO LA UMEME MARUFUKU. Sahihi hakuna, lakini mwandiko wa mama mwenye nyumba tunaujua wote maana ndio huohuo ulioko kwenye risiti zetu za kodi.

Nilipohamia hapa, miezi michache baada ya kumaliza chuo, nilicheka. Nilitoka hosteli, ambako hita tulikuwa tunaificha chini ya kitanda na hakuna aliyejua uniti moja ni shilingi ngapi. Nikadhani mama ana roho ya korosho tu. Lakini kazi yangu ya gazetini imenitupa mara kadhaa kwenye habari za bei ya umeme, na kila nikiandika zile aya za mwisho za "namna ya kubana matumizi nyumbani" najisikia vibaya. Nunua friji la kisasa. Weka sola juu ya paa. Badilisha nyaya zilizochakaa. Sasa jamani, mpangaji paa si lake, nyaya si zake, na mita haina jina lake. Ushauri wote ule umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba!

Basi nikaanza kufukua. Hili boksi la ukutani limetoka wapi? Nimegundua kwamba lina historia ndefu kuliko mama mwenye nyumba mwenyewe.

Turudi nyuma kabisa. Umeme wa kwanza wa umma katika nchi hii uliwashwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1908. Ulihudumia karakana za reli na ile sehemu ya mji waliyokaa wakoloni. Mashine na mabwana, basi. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza waliunda idara ya serikali ya umeme mwaka 1920, kisha mwaka 1931 wakaamua kazi hiyo ifanywe na kampuni binafsi. Zikawa mbili: TANESCO, iliyoelekezwa kaskazini kwenye maji ya mto Pangani na mashamba ya mkonge, na DARESCO, iliyopewa Dar es Salaam na miji ya reli ya kati kama Dodoma, Tabora na Kigoma. Kampuni binafsi inapeleka nguzo kwenye pesa. Hilo halihitaji shahada.

Na pesa katika Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa imechorewa mipaka. Mji uligawanywa kanda tatu: ya kwanza ya Wazungu, ya pili ya biashara ambako Wahindi walikuwa wengi, ya tatu ya Waafrika. Hadi leo tunasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini bila kufikiri kwamba tunataja kanuni za ujenzi za mkoloni. Kanda ya kwanza ilidai nyumba za kudumu za mtindo wa Ulaya. Kanda ya tatu ilikuwa ya udongo, miti na makuti, na katikati ukaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja, kama pazia kati ya jirani na jirani.

Huko Kariakoo na Ilala ndiko ilikokomaa nyumba ambayo nusu ya ninaowaandikia mmewahi kulala ndani yake: nyumba ya Kiswahili. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko, bafu na choo. Nyumba hii tangu mwanzo ilikuwa biashara. Mwenye nyumba anachukua chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Ni akili kubwa, kwa sababu ndiyo iliyowapokea wageni wote waliokuja mjini kutafuta kazi. Lakini angalieni kitu kimoja: ni nyumba ya familia sita yenye mlango mmoja wa mbele. Siku waya ukija, utaingia mara moja tu.

Kwa muda mrefu waya haukuja. Mpangaji alikuwa na koroboi yake, au kandili kama mambo yalikuwa mazuri, na mafuta ya taa aliyonunua mwenyewe kwa kipimo cha chupa. Sisemi kwamba moshi wa koroboi ulikuwa raha, macho na mapafu ya bibi zetu yanajua. Ila nasema hivi: wakati wa koroboi kila chumba kilikuwa na "mita" yake. Ukitaka kuokoa unapunguza utambi, na senti unayookoa inabaki mfukoni mwako wewe. Hakuna kikao cha korido. Shikilieni hapo, tutarudi.

Baada ya uhuru serikali ilianza kununua hisa za kampuni zile mbili mwaka 1964, na kufikia mwaka 1975 TANESCO tunayoijua ilikuwa ya umma kabisa. Miaka hiyo ndiyo ya mabwawa: Hale, Nyumba ya Mungu, Kidatu mwaka 1975, baadaye Mtera mwaka 1988. Umeme ukawa mwingi kidogo, na nguzo zikaanza kuingia mitaa ya watu wa kawaida. Kule kwenye ghorofa zenye milango inayojitegemea, kila familia iliweza kuwa na mita yake. Kwenye nyumba ya Kiswahili mita ilikuwa moja, kwa jina la mwenye nyumba.

Mzee mmoja aliyepanga Magomeni miaka ya 1980 alinisimulia ilivyokuwa. Bili ilikuja mwisho wa mwezi, na mara nyingi miezi kadhaa kwa pamoja. Wapangaji walitozwa kwa balbu. Una balbu moja, unalipa ya balbu moja; una redio ya kuchomeka ukutani, unaongezewa. Kiasi hakibadiliki, uwashe saa 2 au usiku kucha. "Sasa nizime ili iweje?" aliniuliza mzee, na kwa kweli sikuwa na jibu. Mtu analipia balbu, si umeme. Balbu ya korido iliwaka mpaka jua linachomoza kwa sababu haikuwa ya mtu.

Halafu kukawa na lile tatizo jingine. Wapangaji wanatoa, mwenye nyumba anapokea, na pesa inapotelea njiani. Mzee anakumbuka asubuhi moja mafundi wamekuja na ngazi, wakapanda, wakakata, wakashuka. Wapangaji watano waliokuwa wamelipa wamesimama barazani wanatazama juu. Mwenye nyumba alikuwa amesafiri.

LUKU ilikuja kutibu hapo. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, mita za kulipia kwanza zilizoanza kufungwa miaka ya 1990. Nadhani wengi wetu tuliozaliwa LUKU ikiwepo hatuelewi ilikuwa mapinduzi kiasi gani. Shirika halimdai mtu tena. Mwenye nyumba hawezi tena kula pesa ya miezi mitatu. Unanunua, unapewa namba 20, unaziingiza, umeme unaingia. Kabla ya simu kugeuka benki ilibidi kupanga foleni, na Jumapili usiku ukikatika basi ni mshumaa hadi Jumatatu.

Lakini LUKU ilifanya jambo moja ambalo sijaliona likiandikwa sana. Ilihamisha ugomvi. Zamani ugomvi wa umeme ulikuwa kati ya mpangaji na mwenye nyumba, au kati ya mwenye nyumba na shirika. Siku hizi mwenye nyumba mara nyingi hayupo hata kwenye mazungumzo. Umeme ukiisha, giza ni la waliomo ndani saa ileile, na wa kulaumiwa ni jirani. Nani kanunua mara ya mwisho? Nani ana friji? Nani kapiga pasi nguo za wiki nzima? Kwenye mita yetu kuna kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyotumika. Kikipepesa polepole, korido ina amani. Kikianza kukimbia, utaona milango inafunguliwa mmoja mmoja, kila mtu anajifanya anakwenda chooni.

Kwa hiyo boksi la mama si roho ya korosho. Ni katiba. Imetungwa kwa sababu mita inahesabu nyumba nzima na haijui nani ni nani.

Mgawo wa umeme ulikaza zaidi tabia hizi. Nchi iliyotegemea mabwawa kwa sehemu kubwa mno ilishikwa pabaya na ukame, tukawa na mgawo mwaka 1992, tena 1994. Wa mwaka 2006 nilikuwa mtoto mdogo na ninaukumbuka kwa harufu ya mafuta ya taa na daftari lenye matone ya nta. Huo ndio uliozaa mkataba wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe. Magazeti yamekwisha kuandika kila kitu kuhusu hilo. Ninachotaka kukisema ni kidogo: mwenye nyumba yake alinunua jenereta, mpangaji alinunua mshumaa, na hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kati yao kwa miezi mingi.

Ni katika miaka hiyohiyo balbu zilipobadilika, zikaingia zile nyembamba zilizojikunja kama jalebi, kisha hizi za LED. Hapa naomba mnivumilie hesabu, nimesoma sanaa lakini hii naiweza. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9, saa zilezile, inakula uniti moja na theluthi hivi. Vyumba sita vyenye balbu za zamani ni uniti 54 kwa taa peke yake. Vyumba sita vyenye LED ni kama 8. Kwa mtu asiye na paa wala nyaya, balbu ndicho kifaa cha kubana umeme anachoweza kukinunua leo na kuhama nacho kesho. Na tunahama nazo kweli! Mwenzangu aliyetoka chumba cha nne alifungua balbu yake dakika ya mwisho, akaifunga ndani ya soksi, akapanda bajaji. Nilimwona mchoyo, sasa namwelewa.

Ila hata hapo kuna mtego. Nikibadilisha balbu yangu nikaokoa uniti 8 kwa mwezi, pesa yake hairudi kwangu. Inagawanywa kwa sita kwa sababu tunachanga sawasawa. Mimi napata sehemu moja, tano naigawa bure. Jirani akileta feni la pili, naye anakula tano zake kwetu. Kumbukeni koroboi: utambi wako, senti yako. Waya uliokuja kutuokoa na moshi uliondoa hilo.

Sasa tufike kwenye bei, maana hapa ndipo damu ilipo. Kwa miaka mingi kumekuwa na bei nafuu ya watumiaji wadogo wa majumbani, ile wateja wanayoiita tarifu 4. Nia yake ni njema kabisa, mtu wa hali ya chini apate mwanga bila kuumia. Kikomo kilikuwa uniti 50 kwa mwezi, na Januari 2014 kikapandishwa hadi 75. Ndani ya kikomo uniti ni shilingi 100. Wateja wa kawaida, kwa bei zilizoanza Aprili 2016, ni shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti ya bei nafuu inakuwa shilingi 122 na ya kawaida shilingi 356.

Nyumba yetu: vyumba sita, kila kimoja tuseme uniti 20. Hakuna tajiri hapo. Taa, simu, redio, feni, pasi ya Jumatano. Kila chumba kingekuwa na mita yake, kila mmoja angelipa shilingi 2,440 kwa mwezi. Lakini mita ni moja, na mita inaona uniti 120. Machoni mwake sisi si watu sita wa hali ya chini, ni mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Kwa hiyo tunalipa kama shilingi 42,700, yaani 7,100 kila chumba. Karibu mara tatu. Wakati huohuo, bwana anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mita yake na akabana vizuri chini ya 75, anapata bei ya maskini.

Niliirudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea. Mhariri wangu akairudia ya nne.

"Si mfunge mita zenu?" ataniuliza mtu wa Masaki. Haya. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini, kwa njia moja na bila kuhitaji nguzo, ilirudishwa shilingi 320,960. Mpangaji wa mkataba wa miezi sita atoe pesa hiyo kwenye ukuta wa mtu mwingine? Akihama ataifunga ndani ya soksi? Mwenye nyumba naye hana haraka, kwa kuwa umeme haulipi yeye. Wala mpangaji hana pa kumsukumia: sheria ya zamani ya kudhibiti pango, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba ni yale mliyokubaliana, yaani yale aliyoyasema yeye.

Na tangu Agosti 2021 mita ikapewa kazi nyingine. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, hilo halina ubishi, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba mpangaji amalizane na mwenye nyumba wake. Sawa. Nendeni mkamwambie mama mwenye nyumba kwamba mnamdai shilingi 1,500 za mwezi huu, kisha mrudi mnihadithie. Sisi tuligawana kwa sita, shilingi 250 kila mtu, tukanyamaza. Kiasi kidogo namna hiyo kinalipika kuliko kugombana na mtu mwenye ufunguo wa geti.

Kinachonikera zaidi ni lile neno la tatu kwenye boksi, jiko la umeme. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, baada ya mgawo mwingine wa mwishoni mwa 2023. Umeme wa kupikia upo. Dada wa chumba cha pili alinunua jiko la presha la umeme. Maharage ya nusu kilo yanaiva bila kumaliza uniti moja, chini ya shilingi 356. Mkaa wa chungu hicho hicho kwenye jiko la uani unamgharimu zaidi, na macho yanamtoka machozi. Kwa hesabu ya nchi, dada huyu anafanya jambo jema. Kwa hesabu ya korido ni mwizi, maana kitaa kinakimbia na sote tunalipa. Jiko limerudi kwenye boksi lake, juu ya kabati. Uani mkaa unawaka.

Mwezi uliopita tuliitisha kikao, wapangaji wote sita na mama. Nilikwenda na karatasi yangu ya hesabu. Mama alisikiliza vizuri, akavaa miwani, akasoma, akasema, "Mwanangu, hesabu zako nzuri. Sasa hiyo laki tatu na ushee mara sita nani anatoa?" Tukatazamana. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: kwamba yeye mwenyewe alipanga Mwananyamala miaka 11 kabla ya kujenga hapa, na mwenye nyumba wake alikuwa akizima swichi kuu saa 4 usiku, mtu awe anapika au ananyonyesha.

Tulichopata ni mita ndogo za ndani, zile ambazo fundi anafunga kwenye kila chumba kujua nani katumia nini. Hazibadilishi bei. Machoni mwa mita kubwa tutaendelea kuwa mteja mmoja wa uniti 120 na tutalipa 356. Lakini nikizima taa, nitakachookoa kitakuwa changu, na dada atalipia maharage yake mwenyewe. Kila chumba kitanunua ya kwake, na mama amekubali zibaki ukutani mpangaji akihama, anayekuja atamrudishia pesa aliyetoka. Tuliandika, tukasaini, hata mama alisaini safari hii. Nilisisitiza fundi awe mwenye leseni, si kishoka wa mtaani, na hapo tukabishana nusu saa nyingine kuhusu bei.

Fundi anakuja Jumamosi. Jumamosi ni siku ya pasi, kwa hiyo ameambiwa asizime umeme kabla ya saa 6 mchana.